Sehemu Inayobakizwa

Katika vijiji vya wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, Hirbadaw ikiwa miongoni mwake, mtu aliyepungukiwa nguvu kwa uzee, kiharusi, upofu, kifafa au ulemavu wa kuzaliwa huangaliwa nyumbani, na anayemwangalia huwa ni mkamwana, mke, binti aliyerudi kwao, mjukuu aliyeletwa akae na bibi, au jirani anayepita asubuhi kabla ya kwenda shambani. Mwangalizi wa kuajiriwa, wa aina inayojulikana Ulaya na Marekani, ambaye hulipwa kwa saa na hupewa ratiba ya michezo na shughuli za kufanya pamoja na anayemhudumia, ni nadra mno katika maeneo hayo. Hata hivyo kazi ni ileile, na tangu Januari 2024, Serikali ya Tanzania ilipozindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaokusudia kufunza na kupeleka vitongojini na mitaani wahudumu zaidi ya 137,000 katika muda wa miaka mitano, kazi hiyo imeanza kupata watu wenye mafunzo. Mhudumu anayeingia katika kaya yenye mgonjwa hana budi kuuliza kama mgonjwa amekula, kama amekunywa dawa, kama ana vidonda vya kulala upande mmoja. Hayo ni maswali ya lazima, na hakuna anayeweza kuyapuuza. Linalosahaulika kwa urahisi ni swali la mgonjwa huyo anashinda akifanya nini, na ni nani ndani ya nyumba anayekihitaji hicho anachokifanya.

Swali hilo husahaulika hata katika nyumba zenye upendo, na pengine zaidi katika hizo, kwa sababu heshima yenyewe hulifunika. Kwa Wairaqw na Wadatoga, ambao ni wenyeji wa eneo hilo, kama ilivyo kwa jamii nyingi za Tanzania, kumheshimu mzee ni pamoja na kumpunguzia kazi: anawekewa kigoda mahali penye jua, kwa kuwa nyanda za juu za Mbulu huwa na baridi kali miezi ya Juni na Julai, analetewa chakula chake, na kila anaponyanyuka anaambiwa aketi, watoto wapo. Nia ni njema. Lakini pumziko analopewa mtu aliyechoka ni jambo moja, na pumziko analolazimishwa mtu ambaye bado ana uwezo wa kutenda ni jambo jingine, maana hilo la pili humwondoa taratibu katika hesabu ya watu ambao nyumba inawategemea, na kwa mtu aliyeishi miaka 70 akilima, akichunga na kulea, kuondolewa huko ni hasara isiyopungua ile ya mguu uliopooza. Kwa hiyo inafaa kusemwa wazi kwamba ujuzi mkubwa kuliko wote alio nao mwangalizi ni ule wa kubakiza, yaani kuacha kwa makusudi sehemu ya kazi halisi ya nyumbani, iliyopimwa sawasawa na uwezo wa anayehudumiwa, ili yeye aikamilishe na nyumba ione kwamba imekamilishwa naye.

Ipo taaluma inayoshughulikia jambo hili. Nchini Tanzania huitwa tiba kwa vitendo, na wengine huiita tiba kazi. Ni tawi la afya linalotumia shughuli za kila siku, kama kuvaa, kupika, kulima na kucheza, kumrudishia mtu uwezo alioupoteza au kumzoeza njia mpya ya kutenda lile alilolizoea. Chama cha kitaifa cha taaluma hiyo nchini Marekani kiliundwa Clifton Springs, jimboni New York, mwezi Machi 1917, na Tanzania imekuwa ikifunza wataalamu wake katika hospitali ya KCMC, mjini Moshi, tangu miaka ya 1980. Wataalamu hao wamekuwa wakisisitiza tofauti kati ya shughuli ya kupitisha muda na shughuli yenye maana kwa anayeifanya, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha mambo. Miongozo mingi inayoandikwa kwa ajili ya waangalizi wa nchi tajiri imejaa mafumbo ya vipande vya picha, vitabu vya kupaka rangi, karata na kuoka keki, na hakuna ubaya wowote katika hayo. Ila ni shughuli zilizobuniwa kwa ajili ya nyumba ambazo kazi ilikwisha kuhama, nyumba ambamo nafaka huingia ikiwa safi ndani ya mfuko na maziwa huingia ndani ya chupa, kiasi kwamba mwangalizi hulazimika kutunga la kufanya. Nyumba ya Hirbadaw haijahamwa na kazi. Kuna maharage ya kuchambuliwa, vibuyu vya maziwa vya kusafishwa, kamba za kusokotwa, ndama wa kutenganishwa na mama zao, watoto wa kubembelezwa. Mwangalizi wa huko hana haja ya kununua chochote. Haja yake ni kutambua kati ya kazi hizo ni ipi ya nani, na ni sehemu gani ya kazi hiyo imwendee nani.

Mfano ulio bora kuliko mingine ni uchaguzi wa mbegu. Baada ya mavuno, mahindi yaliyokauka hurundikwa uani, na kabla hayajapukuchuliwa kwa ajili ya chakula au soko, kaya inayotegemea mbegu zake yenyewe hutenga yale yatakayopandwa msimu ujao. Kazi hiyo inaonekana nyepesi kwa asiyeijua. Hindi hupimwa kwa uzito wake kiganjani. Mistari ya punje hutazamwa kama imenyooka. Maganda huchunguzwa kama yalifunika ncha hadi mwisho, kwa sababu hindi lililo wazi nchani huingiwa na maji na wadudu likiwa bado shambani. Kisha punje za ncha na za kitako hubanduliwa kwa kidole gumba na kuachwa ziwe chakula, na zile za katikati, zilizo pana na zinazolingana, ndizo zinazobaki kuwa mbegu. Kwenye maharage huondolewa yaliyokunjamana, yaliyotobolewa na yaliyobadilika rangi, na yanayosalia huchanganywa na majivu yaliyochekechwa ili fukusi wasiyavamie. Bibi wa miaka 80 asiyeweza tena kubeba ndoo ya maji anaweza kuyafanya haya yote akiwa ameketi, ungo uko mapajani, na mara nyingi huyafanya vizuri kuliko mkamwana aliyekulia kwenye mbegu chotara za dukani. Mwangalizi akikaa kando yake na kumpa hindi moja baada ya jingine, akimuuliza, «Bibi, hili nalo?», naye bibi akaligeuza, akalipima, akalitupa upande wa chakula au upande wa mbegu, mahusiano yao hugeuka kwa muda wote wa kazi hiyo: anayesaidiwa anakuwa mwalimu, na anayesaidia anakuwa mwanafunzi ambaye kweli hajui. Hakuna mchezo wa kununua unaoweza kuleta mgeuko huo, kwa kuwa katika mchezo wa kununua mwangalizi ndiye anayejua kanuni, na mzee ndiye anayefundishwa upya.

Uzuri mwingine wa kazi hii ni kwamba matokeo yake hayaishii siku hiyo. Mbegu iliyochaguliwa mwezi wa Julai hupandwa mvua zikianza mwishoni mwa mwaka, na shamba likiota sawasawa, aliyeichagua ana haki ya kusifiwa mbele ya watu. Mwangalizi mwenye busara huitunza kumbukumbu hiyo: huweka mbegu za bibi katika chombo chao, na siku ya kupanda humletea aone kwamba ndizo zinazotoka.

Kwa aliyepata kiharusi, hesabu ya kubakiza huwa ndogo zaidi na hudai umakini zaidi. Kiharusi, ambacho ni kuharibika kwa sehemu ya ubongo baada ya mshipa wa damu kuziba au kupasuka, kimekwisha kuthibitishwa kuwa tatizo kubwa nchini. Utafiti uliofanyika Hai na Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006 ulikuwa miongoni mwa tafiti za awali kabisa katika Afrika Kusini mwa Sahara kuhesabu wagonjwa wapya ndani ya jamii, badala ya kungoja wanaofika hospitali. Mtu aliyepooza mkono wa kulia hawezi kupukuchua mahindi kama zamani, na akipewa hindi zima atashindwa, na kushindwa mbele ya wajukuu ni jambo baya kuliko kukosa kazi. Hapo ndipo mwangalizi anapotakiwa kuivunja kazi vipande, yaani kuitazama hatua kwa hatua na kujua ni hatua ipi inayomshinda mgonjwa. Katika kupukuchua, hatua ngumu ni ya kwanza: mstari wa kwanza wa punje umebanwa pande zote mbili na hudai nguvu, lakini ukishatoka, mstari unaofuata huangukia kwenye nafasi iliyoachwa na husukumika kwa kidole gumba tu. Basi mwangalizi hutoa mistari miwili kwa ncha ya kisu butu, huweka beseni juu ya kitambaa kilicholowa maji ili lisiteleze, hulaza hindi ndani yake, na mkono uliopooza huwekwa juu ya hindi ulishikilie kwa uzito wake. Mkono mzima hufanya yaliyobaki. Mkono mgonjwa nao umepewa kazi, ijapokuwa ni ya kukandamiza tu, na mtu anayeutazama mkono wake ukifaa kwa jambo fulani ana sababu ya kuendelea kuunyoosha kila siku kama alivyoelekezwa hospitalini.

Kinachobaki ni kungoja, na wengi hushindwa papo hapo. Kazi ambayo mwangalizi angeimaliza kwa dakika tano humchukua mgonjwa saa nzima, na kishawishi cha kulichukua hindi na kulimalizia ni kikubwa, hasa kwa mkamwana ambaye ana maji ya kuchota na mtoto mgongoni. Inafaa basi kazi ichaguliwe ambayo ucheleweshaji wake haumdhuru yeyote: mahindi ya kupikwa keshokutwa, maharage ya juma lijalo. Kumpa mgonjwa kazi ya chakula cha usiku huohuo, halafu kumnyang'anya jua linapozama, ni kumfundisha kila siku kwamba hategemewi.

Hali ya mwenye demensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na fikra kunakotokana na maradhi ya ubongo, inahitaji maelezo ya pekee, kwa kuwa vijijini hali hiyo mara nyingi huchukuliwa kuwa uzee wa kawaida au kuhusishwa na uchawi. Utafiti uliofanywa katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2013, ulikadiria kwamba asilimia 6.4 ya watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi wanaishi na hali hiyo. Katika wilaya hiyohiyo ilijaribiwa baadaye tiba ya kuchangamsha akili, ambayo ni mfululizo wa vikao 14 vya kundi dogo, kwa kawaida ndani ya majuma saba, vyenye mazungumzo, nyimbo, michezo na mada kama vyakula, utoto na mambo ya siku. Tiba hiyo ilibuniwa Uingereza, na kabla ya kuletwa ilibidi ifumuliwe na kushonwa upya, kwa sababu wazee wengi wa Hai hawakusoma shule na wengine uoni wao ni hafifu, hivyo mazoezi ya kuandika na kutazama picha yasingewafaa. Matokeo yalitia moyo, na somo lake kwa Mbulu na Hanang ni wazi: kanuni ya tiba inaweza kusafiri, ila vifaa na mada za kikao havina budi kutoka mahali penyewe.

Jambo linalowasaidia waangalizi wa watu wa namna hii ni kwamba kumbukumbu si ya aina moja. Ile ya matukio na majina hupotea mapema, lakini kumbukumbu ya matendo, ambayo ni ujuzi uliokaa mikononi kwa miaka mingi, hudumu muda mrefu zaidi. Mama asiyeweza kusema leo ni siku gani, na pengine anayemwita mjukuu wake kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa, anaweza kupepeta ungo bila kumwaga punje hata moja, akalifuata vumbi kwa pumzi na kuzikusanya changarawe ukingoni kama alivyofanya akiwa msichana. Mwangalizi hapaswi kumjaribu kwa maswali, mathalani kumuuliza mara kwa mara kama anamkumbuka fulani, kwa kuwa kila swali la namna hiyo ni mtihani ambao mtahiniwa anajua kuwa atashindwa. Ungo haumuulizi kitu.

Hata mazungumzo ya kukumbuka zamani, ambayo miongozo mingi huyasifu, yanahitaji uangalifu katika nchi yenye historia kama ya Hanang. Wazee wa Kidatoga wanaoulizwa kuhusu malisho ya ujana wao wanaweza kuchangamka wakisimulia mito, majani na ng'ombe, na wanaweza pia kufikia ghafula miaka ya 1970 na 1980, wakati mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO, shirika la umma la kilimo, yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada, yalipochukua nyanda walizokuwa wakilishia mifugo na kuzikia wazee wao. Vilevile kuna familia za Katesh na vijiji jirani ambazo Desemba 3, 2023 zilipoteza watu katika maporomoko ya matope kutoka Mlima Hanang. Hakuna sababu ya kuyakwepa mambo hayo iwapo mzee mwenyewe ameyaleta, lakini mwangalizi anayefungua mlango huo anapaswa kuwa na muda wa kukaa ndani, asiwe mtu wa kuuliza na kuondoka.

Kazi inayobakizwa lazima ilingane na hadhi ya mtu pamoja na nguvu zake. Mzee wa Kidatoga aliyekuwa na zizi kubwa, akipewa maharage achambue, anaweza kuona ameaibishwa, na aibu hiyo haiondolewi kwa kumweleza kwamba ni zoezi la vidole. Kazi yake iko zizini. Mifugo inaporudi jioni, kuhesabu si suala la namba peke yake, kwa kuwa mfugaji hutambua kila ng'ombe kwa rangi, mabaka, umbo la pembe na mama aliyemzaa, na anayekosekana hujulikana kabla hesabu haijakamilika. Mzee asiyeweza kutembea hubebewa kigoda hadi mlangoni mwa zizi, naye hupokea taarifa ya mchungaji: yupi amechechemea, yupi hakula, yupi yuko karibu kuzaa. Hata upofu hauifuti kazi hiyo. Trakoma, ambayo watu huiita vikope, ni ugonjwa wa macho unaoambukizwa na ambao hukaa zaidi katika maeneo makavu yenye uhaba wa maji, na imeacha wazee wasioona katika nchi nyingi za wafugaji. Mzee wa namna hiyo, akikaa mlangoni mwa zizi, huwatambua wanyama kwa kengele, kwa mlio na kwa kishindo, na mkono wake ukipitishwa mgongoni mwa ndama hueleza kama amenenepa tangu juma lililopita. Kijana anayeripoti kwa baba yake kila jioni anatoa huduma kubwa, ingawa yeye huenda akadhani anatimiza adabu tu.

Zipo kazi za kinywa pia, na kwa watu ambao mikono na miguu imekwisha kukataa kabisa, hizo ndizo zinazobaki. Wairaqw wana slufay, ambayo ni sala ya baraka iliyotungwa kwa lugha ya kishairi, itamkwayo na mzee huku wasikilizaji wakimwitikia, ikiomba mvua, amani, afya na uzazi; haihitaji mtu kusimama wala kushika kitu, inahitaji sauti, kumbukumbu na haki ya umri. Kuwakusanya watu wa nyumbani ili mzee aliyelala kitandani awabariki kabla ya kupanda au kabla ya mtoto kwenda shule ya mbali ni shughuli ya nyumbani kwa maana kamili, na wale wanaoitikia wanashiriki sawa na yeye. Kwa upande wa Wadatoga, mwanaanthropolojia George Klima aliandika katika miaka ya 1960 juu ya baraza la wanawake, lenye mamlaka ya kumtoza faini mwanamume aliyemkosea mwanamke. Mama mzee aliyewahi kuketi katika mabaraza ana ujuzi wa kesi na maamuzi, na binti anayemwangalia akimpelekea mgogoro mdogo wa wajukuu auamue, amemwomba kitu ambacho mama huyo anakiweza kuliko yeyote nyumbani.

Kazi za kinywa zinaleta suala la lugha, ambalo mipango ya kitaifa hulipita haraka. Eneo la Mbulu na jirani zake ni la ajabu kwa wataalamu wa lugha, kwa kuwa Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, Kidatoga ni ya Kiniloti, Kinyiramba na Kinyaturu ni za Kibantu, na Wahadza wa bonde la Yaeda wana lugha yao yenye vidoko, yaani sauti za kualiza ulimi, zisizofanana na za majirani. Wazee wengi walijifunza Kiswahili wakiwa wakubwa, na ubongo unapodhoofika, lugha iliyoingia baadaye ndiyo mara nyingi hulegea kwanza. Mhudumu anayejua Kiswahili peke yake anaweza kuandika kwamba bibi haongei, kumbe bibi anaongea vizuri kabisa jioni, na mjukuu wake, kwa lugha ya mama yake. Akijifunza salamu tatu na vitendawili viwili kwa lugha hiyo, na akakosea matamshi bibi akamsahihisha, hapo tayari wamepata shughuli ya siku nzima.

Lazima ielezwe pia mipaka, kwa sababu fikra ya kubakiza kazi inaweza kuharibika ikiwa mikononi mwa asiye na huruma. Wa kwanza ni usalama. Mwenye kifafa, ugonjwa ambao Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanza huduma mwaka 1955 wilayani Mbulu, imekuwa ikiutibu na kuutafiti kwa miaka mingi, yuko hatarini zaidi karibu na moto wazi wa mafiga, kwenye kisima na juu ya mti, na watu wenye kifafa walioungua kwa kuangukia jikoni wanajulikana katika vijiji vingi. Kumtenga asile na wenzake kwa kuogopa mate yake ni dhuluma inayotokana na kutojua, kwa sababu kifafa hakiambukizwi kwa mate. Kumweka mbali na moto ni busara. Kazi zake ni zile za chini, za uani, za pamoja na watu: kuchambua, kusuka, kutunga ushanga, kulisha kuku, na achote chakula katika sinia lilelile wanalolia wenzake.

Mpaka wa pili ni ule unaotenganisha kushirikishwa na kutumikishwa. Kijana mwenye ulemavu wa akili ambaye huchunga mbuzi kutwa bila ya wenzake, bila shule, na bila ya kuulizwa kama anapenda, hajabakiziwa kazi; ametwishwa. Kipimo si kigumu sana kwa anayetaka kupima: je, anaweza kukataa leo asiadhibiwe, yupo mwenzake anayefanya naye, na matunda ya kazi yanamfikia? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu iliyopitishwa mwaka uliofuata, vimeweka haki ya mtu kuishi ndani ya jamii. Na katika ibara ya 30 ya mkataba huo imo haki ya burudani, utamaduni na michezo. Kwa hiyo kijana huyo ana haki ya kazi yenye maana na ana haki vilevile ya kucheza bila kuzalisha kitu chochote, jambo ambalo watetezi wa kazi zenye maana, pamoja na tafakari hii, wanaweza kulisahau wakivutwa na hoja yao.

Mwangalizi mwenyewe ni mtu, naye huchoka. Zimbabwe kuna mpango ulioanzishwa na daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda mwaka 2006, ujulikanao duniani kama Friendship Bench, ambamo mabibi waliopewa mafunzo huketi kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu waliolemewa. Baada ya vikao hivyo, wanawake hualikwa kwenye makundi ambamo hufuma mifuko kwa vipande vya plastiki huku wakizungumza. Walioubuni waligundua kile ambacho wanawake wa Hanang wanaotunga ushanga kwenye ngozi na vibuyu wanakijua kwa mazoea, kwamba maneno mazito hutoka kwa wepesi macho yakiwa kwenye kazi na mikono ikiwa na la kushika. Mkamwana anayemwangalia mama mkwe wake kwa mwaka wa tatu ana mengi asiyoweza kuyasema akiulizwa uso kwa uso. Jirani akija na ushanga wake alasiri moja kila juma, wakakaa watatu, mgonjwa akichagua rangi na hao wawili wakipitisha uzi, basi wote watatu wamehudumiwa kwa pamoja, na siku hiyo mkamwana anaweza pia kuondoka saa moja kwenda kulala.

Msimu nao una amri yake. Waangalizi wa Hirbadaw hubanwa zaidi wakati wa kupalilia na wa kuvuna, na huo ndio wakati ambao anayehudumiwa huachwa peke yake tangu alfajiri. Kumbe wakati wa mavuno ndio pia ambao uani kuna kazi nyingi za kuketi kuliko wakati mwingine wowote. Mafunzo ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii yanaweza kupangwa kwa kuzingatia hilo. Badala ya somo zima la huduma ya wazee na watu wenye ulemavu kutolewa ukumbini, siku moja wakati wa mavuno itengwe uani kwa kaya iliyokubali, mahindi yakiwa yamemwagwa, na mwezeshaji wa siku hiyo awe bibi anayejua mbegu, akiwa na mkalimani ikiwa lugha yake ni Kiiraqw au Kidatoga. Wahudumu wajifunze kwake namna ya kuchagua, wajaribu kupukuchua kwa mkono mmoja, wapime wenyewe ni hatua ipi inayoshinda, na jioni bibi huyo asaini karatasi kwa dole gumba na alipwe posho ya uwezeshaji kwa kiwango kilekile wanacholipwa wawezeshaji wengine.